Filamu ya mbwamwitu kwa Jumamosi: London, The Howling au Teen Wolf?

Kitasa cha Mbao:
Wakuu, nisaidieni. Jumamosi mdogo wangu anakuja kwangu, na tumekubaliana tutazame filamu ya mtu anayegeuka mbwamwitu. Sharti la mke wangu: iwe na vichekesho, hataki kulala taa ikiwaka. Sharti la mdogo wangu: itishe kwelikweli. Nimebakiwa na tatu: An American Werewolf in London (1981), The Howling (1981 hiyohiyo) na Teen Wolf (1985). Sijaona hata moja, kwa hiyo msinimalizie uhondo.

Mzee wa Kaseti:
London, bila kupepesa macho. Teen Wolf ni Michael J. Fox akiwa mwanafunzi anayegundua kwamba akigeuka anacheza vizuri mpira wa kikapu. Burudani safi, ila hakuna atakayeshtuka. Mdogo wako atakununia.

Hizo mbili za 1981 ndizo zenye mashindano. Rick Baker, fundi wa sura za bandia, alikuwa tayari kwenye The Howling pale John Landis alipopata pesa za kutengeneza London, muswada aliokuwa ameuandika tangu 1969. Baker akahamia kwa Landis, kazi ya kwanza akamwachia mwanafunzi wake, Rob Bottin. Mwaka mmoja, mwalimu na mwanafunzi, kila mmoja na mbwamwitu wake. Baker ndiye aliyeondoka na Oscar ya vipodozi, mara ya kwanza tuzo hiyo kuwa ya kushindaniwa.

BintiChumbageni:
Mzee, Oscar si hoja. Mbwamwitu wa The Howling anasimama kwa miguu miwili, masikio yamechongoka juu, ukimwona unajua umekwisha. Wa London anatambaa kwa miguu minne kama jibwa lililoshiba, ndiyo maana Landis anamwonyesha kwa kuibiaibia.

Na vichekesho vipo. Joe Dante, mwongozaji wa The Howling, amewapa wahusika wake majina ya waongozaji wa filamu za kale za mbwamwitu. Nakiri hapo atacheka mpenzi wa sinema za zamani tu, shemeji anaweza kukaa kimya mpaka mwisho.

Mzee wa Kaseti:
Dada, mnyama akishakamilika nakuachia ushindi. Mgeuko wenyewe je? The Howling wanaufanya gizani. London ni sebuleni, taa zote zinawaka, hakuna pa kuficha kitu. David (anaigizwa na David Naughton) yupo peke yake anasoma kitabu, mara anaruka akilia kwamba anaungua. Anautazama mkono wake na kiganja kinarefuka palepale.

Hakuna kompyuta hapo. Ni mkono wa bandia unaosukumwa kwa ndani. Nywele zinazoota zilipigwa picha kinyumenyume: walizivuta ziingie kwenye ngozi ya bandia, kisha wakaurudisha mkanda. Kuna sehemu mwili wa mwigizaji umefichwa chini ya sakafu, juu umebaki kichwa na mikono, kiwiliwili kingine chote ni cha kutengeneza. Mifupa inalia, na wimbo unaopigwa ni Blue Moon ya Sam Cooke, taratibu kama harusini. Katikati ya maumivu hayo anamwomba radhi rafiki yake marehemu kwa kumwita kinyama cha kusaga. Sijui ucheke au ulie.

Jogoo wa Mtaa:
Huo mgeuko ndio uliomnasa Michael Jackson. Aliiona filamu akawatafuta Landis na Baker wamtengenezee Thriller (1983). Wale mliochoka kurudisha nyuma kaseti ya Thriller mtaani kwenu, mlikuwa mnaangalia kazi ya mafundi walewale.

MamaWawili:
Mnaongelea manyoya tu! Mimi filamu hii naipendea Jack (Griffin Dunne). Vijana wawili wa Kimarekani, mabegi mgongoni, wanashushwa kwenye lori la kondoo huko Yorkshire. Wanaingia baa ya kijijini, baa nzima inanyamaza. Wanaambiwa wasiache barabara. Wao huyooo, nyikani. Jack anararuliwa. Baadaye anamtokea David hospitalini, koo limechanika, kijipande cha nyama kinacheza shingoni kila akifungua mdomo, na cha kwanza anachoomba ni kipande cha mkate wa kuchoma! Halafu analalamika kwamba wafu wenzake wanachosha kuongea nao. Kila akirudi ameoza zaidi, na ucheshi wake uko palepale.

Hapo ndipo The Howling inaposhindwa, BintiChumbageni. London utani wote wanabeba watu. Mbwamwitu hatanii hata mara moja. Yule bwana wa suti kwenye stesheni ya treni ya chini ya ardhi, Tottenham Court Road, hakuna cha kuchekesha pale. Yuko juu ya ngazi za umeme, mnyama anaingia polepole kwa chini, kwa mbali, basi.

Kitasa cha Mbao:
Mama, nilisema uhondo! Haya, London imepita. Watoto wakae?

MamaWawili:
Walale kabisa. David anaamka uchi bustani ya wanyama ya London, ndani ya banda la mbwamwitu, na sehemu kubwa ya mwisho iko ndani ya jumba la sinema za wakubwa Piccadilly. Wewe mwenyewe utaweza kumtazama mdogo wako usoni?

BintiChumbageni:
Nimeshindwa kwa kura, si kwa hoja. Mwisho wa London unakatika ghafla kama umeme wa mtaa wetu. Na usipakue kimakosa ile ya Paris ya 1997. Mbwamwitu wake ni wa kompyuta na anaonekana hivyohivyo.

Jogoo wa Mtaa:
Unakatika ghafla makusudi, dada. Ukiongeza dakika moja ya maombolezo umeiharibu. Mkuu, usizime majina yakianza kupita. Katikati ya filamu David anamtukana Prince Charles hadharani ili polisi wamkamate. Sasa soma walichoandika mwishoni: wanampongeza Prince Charles na Lady Diana kwa ndoa yao ya Julai 29, 1981.

Kitasa cha Mbao:
Hahaha, hiyo nitamwachia mke wangu aigundue mwenyewe. BintiChumbageni, The Howling naiweka Jumapili, mdogo wangu akibaki.