Mjadala: Sayansi kwa Kiswahili mtandaoni, iandikwe na wataalamu tu au kila mtu aruhusiwe?

Wadau, naomba tulijadili hili bila jazba. Kila mara watu wote wanapoalikwa kuandika sayansi kwa Kiswahili mtandaoni, kama inavyofanya Wikipedia ya Kiswahili tangu 2003, hujitokeza wanaosema sayansi waachiwe wenye shahada zao. Wanasema kosa kwenye historia ya mji halimdhuru mtu, ila kosa kwenye makala ya dawa linaweza kuua. Hofu hiyo ni ya kweli. Hata hivyo, mimi nasema kila mtu aruhusiwe, mradi kila dai lioneshe limetoka wapi.

Njia ya wataalamu peke yao ilishajaribiwa. Kabla ya kuanzisha Wikipedia, Jimmy Wales na Larry Sanger walikuwa na Nupedia, ensaiklopedia ya mtandaoni iliyoanza 2000, ambako kila makala ilipitia hatua saba za uhakiki wa wasomi. Hadi inafungwa mwaka 2003, makala zilizokamilika hazikufika 30. Na hiyo ni kwa Kiingereza, lugha yenye maprofesa tele! Sisi, ambao mhadhiri wetu wa fizikia amesoma na kufundisha kwa Kiingereza tangu sekondari, tungepata ngapi?

Mtaniuliza kuhusu ubora. Mwaka 2005 jarida la sayansi la Nature liliwapa wataalamu makala za sayansi za mada zilezile kutoka Wikipedia na ensaiklopedia ya Britannica, bila kuwaambia ipi imetoka wapi, likapata tathmini za mada 42. Wastani ulikuwa kama makosa manne kwa kila makala ya Wikipedia na matatu kwa Britannica. Britannica walipinga vikali, Nature wakashikilia matokeo yao.

Lakini mfano unaonigusa zaidi uko hapahapa kwetu. Mradi wa Snapshot Serengeti ulitega kamera 225 zinazopiga picha zenyewe ndani ya hifadhi, na kuanzia 2012 picha zikawekwa mtandaoni ili mtu yeyote aseme anaona mnyama gani. Walijitokeza zaidi ya watu 28,000. Siri ya mafanikio ni utaratibu: picha haikuamuliwa na mtu mmoja, ilipitishwa kwa wengi, na jibu walilokubaliana ndilo likaandikwa. Wataalamu walipohakiki seti za picha zaidi ya 4,000, majibu hayo ya umma yalikuwa sahihi kwa karibu asilimia 97. Na kumbukeni, humo kuna swala tomi na swala granti, ambao wageni wengi wa mbugani hawawatofautishi.

Sasa turudi kwenye dawa, maana ndiko wapinzani wanakoshikilia. Chukulia makala ya dawa mseto ya malaria. Mtaalamu ataandika artemetha na lumefantrini, ataeleza zinavyomshambulia kimelea, na atakuwa sahihi kabisa. Muuguzi wa zahanati ataongeza kinachookoa maisha: kwamba dozi ni sita kwa jumla ndani ya siku tatu, kwamba ya pili hunywewa ukipita muda wa saa nane tangu ya kwanza wala haingoji kesho, kwamba ni vizuri mtoto ale kitu chenye mafuta kidogo ili dawa iingie vizuri mwilini. Na ataandika kwa herufi kubwa kwamba homa kushuka siku ya pili si ruhusa ya kuhifadhi vidonge vilivyobaki kwa ajili ya mdogo wake. Muuguzi huyu hana shahada ya uzamili. Mnataka tumfungie nje?

Sikatai kwamba kualika watu ovyo kuna hasara. Mwishoni mwa 2009 Google waliandaa shindano la kuandika Wikipedia ya Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania, kukawa na zawadi. Makala mia kadhaa ziliingia. Zawadi zilipokwisha, wengi wa washiriki hawakurudi tena. Mimi hapo naona kosa liko kwenye kushindania idadi ya makala: ukimlipa mtu kwa wingi, atakupa wingi.

Kuna pia kisa cha Wikipedia ya Kiskoti, lugha ya huko Uskoti. Mwaka 2020 iligundulika kwamba maelfu ya makala yake yaliandikwa na kijana wa Marekani ambaye lugha yenyewe haijui. Wapinzani hukitaja sana. Lakini jiulizeni alifanikiwaje kwa miaka yote ile. Wenye lugha hawakuwepo, au walikuwepo wachache mno kumsahihisha. Kufukuza watu zaidi kungezidisha tatizo lilelile.

Kwa hiyo nawaomba mnaopinga mjibu mambo mawili, na msiishie kusema "hatari". Kwanza, hao wataalamu wa kuandika sayansi yote kwa Kiswahili ni akina nani, wataanza lini, na nani atawalipa muda wao? Pili, hadi watakapoanza, binti wa kidato cha pili anayetafuta usiku huu maana ya usanisinuru asome wapi?

Upande wangu, niko tayari kulegeza sehemu moja: dozi za dawa zisibadilishwe na mtu yeyote hadi mfamasia au daktari azipitie. Wafamasia mliomo humu, mko tayari kuifanya kazi hiyo?