Leeds United na mkopo wa pauni milioni 60: kosa lilikuwa kukopa, au namna ya kukopa?

MshabikiWaKirumba (mleta mada)

Wanajukwaa, ninaomba msaada wa kuelewa jambo ambalo limetugawa katika kijiwe chetu cha kahawa hapa Mwanza kwa wiki ya pili sasa. Mwenzetu mmoja, shabiki wa Leeds United tangu enzi za Lucas Radebe, anashikilia kwamba klabu yake iliuawa na deni, na kwamba klabu yoyote ya mpira inayokopa inajichimbia kaburi. Mimi ninaona hoja hiyo haijakamilika, kwa sababu karibu kila klabu kubwa ya Ulaya ina deni la aina fulani, na nyingi kati yake hazijashuka daraja wala kufilisika.

Ninachokijua ni hiki. Katika msimu wa 2000/01 Leeds ilifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa na kutolewa na Valencia. Septemba 2001 ilikopa pauni milioni 60. Mei 2004 ilishuka daraja, na Mei 2007 ikawekwa chini ya msimamizi wa ufilisi na kuangukia daraja la tatu. Haikurudi Ligi Kuu hadi 2020. Kutoka nusu fainali ya Ulaya hadi kushuka daraja ni miaka mitatu tu.

Swali langu kwa wanaojua mahesabu: kosa lilikuwa kukopa kwenyewe, au kulikuwa na kasoro katika namna mkopo ule ulivyopangwa? Na je, mtu asiye mhasibu atazame nini katika klabu yake ili ajue kwamba deni lake ni la hatari? Ninaomba tusiingize utani wa Simba na Yanga, uzi utaharibika.

MkaguziMstaafu

Ndugu mleta mada, nilifanya kazi ya ukaguzi wa hesabu kwa zaidi ya miaka ishirini, ingawa sikuwahi kukagua klabu ya mpira. Mwenzako wa kijiweni ana haki ya kuwa na uchungu, lakini hukumu yake ni pana mno.

Tuanze na dhamana. Mkopo ule wa pauni milioni 60 ulikuwa wa miaka 25, nao ulifungwa kwenye mapato ya viingilio na tiketi za msimu za Elland Road, uwanja wa Leeds. Kwa lugha nyepesi, mtoto aliyekuwa na miaka kumi wakati huo alikuwa tayari amewekwa rehani bila kujua, kwa kuwa tiketi ambazo angenunua hadi kufikia miaka thelathini na mitano zilikuwa na mwenyewe. Hilo peke yake halikuwa baya. Mapato ya viingilio ya klabu yenye mashabiki waaminifu ni miongoni mwa fedha zinazotabirika zaidi katika mpira, na ndiyo maana wakopeshaji waliyapenda.

Ubaya unaanza ukiuliza fedha hizo zilinunua nini. Ukijenga uwanja kwa mkopo wa miaka 25, siku deni linapoisha uwanja bado umesimama. Mchezaji hayuko hivyo. Mkataba wake ni wa miaka minne au mitano, na wahasibu huigawa ada yake ya uhamisho katika miaka hiyo, kiasi kwamba mchezaji wa pauni milioni 18 aliyesaini miaka mitano hupungua thamani vitabuni kwa milioni 3.6 kila mwaka, na mkataba ukimalizika anaondoka bure hata kama jana alifunga mabao matatu. Rio Ferdinand alitoka West Ham Novemba 2000 kwa milioni 18 hizo, rekodi ya Uingereza wakati ule. Wakaja pia Robbie Keane, Seth Johnson na Robbie Fowler. Baadhi ya ada zililipwa kwa mpango unaofanana na wa kukodi gari, ambapo kampuni ya fedha inalipa na klabu inairudishia kwa awamu. Kwa hiyo klabu ilichukua deni la robo karne ili kugharimia vitu vyenye uhai wa miaka mitano, na juu yake ikaongeza mishahara ambayo hakuna anayeweza kuipunguza katikati ya mkataba.

Sasa kuna jambo ambalo wengi hulisimulia kinyume. Husemwa kwamba Leeds ilikopa, kisha ikakosa nafasi ya Ligi ya Mabingwa, ndipo mambo yakaharibika. Tarehe zinakataa. Mei 2001 Leeds ilimaliza ligi ikiwa ya nne kwa pointi 68, Liverpool wakiwa wa tatu kwa pointi 69, na msimu ule Uingereza ilipewa nafasi tatu tu. Pointi moja! Mkopo ulikuja miezi minne baadaye, na Fowler alinunuliwa mwishoni mwa Novemba. Waliokopa walijua kwamba fedha za Ulaya za mwaka huo hazipo. Walikopa kwa matumaini kwamba zingerudi mwaka unaofuata. Hazikurudi, kwa sababu msimu wa 2001/02 walimaliza nafasi ya tano, pointi tano nyuma ya Newcastle.

Kilichofuata ni bei ya mwenye njaa. Ferdinand aliuzwa Manchester United Julai 2002 kwa karibu milioni 30, na hapo Leeds ilipata faida nzuri. Lakini soko zima lilipokwisha kuelewa kwamba klabu haina njia nyingine, Keane aliondoka kwa bei ya chini sana kuliko aliyonunuliwa, Jonathan Woodgate akaenda Newcastle, na Fowler akaenda Manchester City huku Leeds ikiendelea kulipa sehemu ya mshahara wake akiichezea timu nyingine. Hesabu za mwaka ulioishia Juni 2003 zilionyesha hasara ya pauni milioni 49.5. Watu hadi leo hucheka habari ya samaki wa kukodi waliokuwa ofisini kwa mwenyekiti Peter Ridsdale kwa pauni 20 kwa mwezi. Samaki wale wanasingiziwa bure. Hata wangekuwa papa, wasingeimaliza klabu.

Mkulima_wa_Karagwe

Mkuu Mkaguzi amelieleza vizuri, nami ninaongeza kwa mfano wa kwetu. Wazee wa Kagera wanaijua *butura*. Mwenye shamba akiwa na shida ya ada ya shule au msiba, anaiuza kahawa yake ikingali maua, kwa bei anayopanga mwenye fedha. Mavuno yanapofika, kazi ya kuchuma ni yake, kahawa si yake. Mwaka huo anaishi kwa nini? Anauza maua ya mwaka unaofuata. Serikali imepiga marufuku mara nyingi na bado watu hufanya, kwa kuwa shida haisubiri msimu.

Kuuza tiketi za miaka ijayo ni butura tupu. Tazameni Rangers ya Scotland. Mei 2011 mfanyabiashara Craig Whyte aliinunua kwa pauni moja kwa sharti la kulipa deni la benki la takribani milioni 18, na fedha za kulipa deni hilo zilitokana na kuuza tiketi za misimu ya mbele kwa kampuni ya Ticketus. Februari 2012 klabu iliwekwa chini ya msimamizi wa ufilisi, mwaka huohuo kampuni iliyoiendesha ikaingia katika kufilisiwa, na timu ikaanza upya daraja la nne chini ya kampuni mpya. Whyte alishtakiwa na mahakama ikamwachia huru mwaka 2017, kwa hiyo mimi siongelei jinai. Ninachosema ni kwamba deni la benki halikulipwa, lilihamishwa tu kutoka mfuko mmoja hadi mwingine, na mfuko wa pili ulikuwa ndio chakula cha mwaka ujao.

Bunduki_ya_Ilala

Ninapinga kidogo. Mkulima anazungumza kana kwamba kila anayetegemea viingilio vya kesho anauza maua. Arsenal walifanya hivyohivyo na wako hai. Emirates, uwanja uliofunguliwa 2006, uligharimu takribani pauni milioni 390, na mwaka huohuo klabu ilipanga upya deni lake kwa hati fungani za muda mrefu zenye thamani ya milioni 260. Kilicholipia deni ni viingilio. Tofauti ni kwamba mkopo wenyewe ndio ulioongeza viingilio hivyo, kwani Highbury, uwanja wetu wa zamani, ilichukua watu wapatao elfu 38 na uwanja mpya elfu 60. Mkulima aliyekopa akachimba kisima si sawa na aliyekopa akafanya harusi.

Hata hivyo sitadanganya kwamba hatukuumia. Thierry Henry aliondoka 2007, Cesc Fàbregas 2011, Robin van Persie 2012, tena huyo wa mwisho akaenda kwa mahasimu wetu Manchester United na kuwapa ubingwa mwaka wake wa kwanza. Tulikaa kuanzia 2005 hadi 2014 bila kombe lolote. Kocha wetu Arsène Wenger alitukanwa katika miaka ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo aliyofanya kazi kubwa kuliko hata ile ya 2004 ya kutwaa ubingwa bila kufungwa, maana aliifikisha timu Ligi ya Mabingwa kila msimu huku akijua kwamba akikosa mara mbili mfululizo hesabu zitaanza kukaza.

MshabikiWaKirumba

Ninawashukuru sana. Nimewasomea wenzangu na kijiwe kimetulia, isipokuwa mwenzetu wa Leeds anauliza: mbona Manchester United ilipakiwa deni kubwa zaidi na haikufa? Na mimi ninaongeza swali langu: klabu inapofilisika, ni nani hasa anayekosa fedha zake?

MkaguziMstaafu

Kuhusu Manchester United, pale klabu yenyewe haikukopa ili kununua chochote. Familia ya Glazer iliinunua mwaka 2005 kwa takribani pauni milioni 790, zaidi ya milioni 500 zikiwa za kukopa, na sehemu kubwa ya mzigo huo ikabebeshwa klabu ambayo awali haikuwa na deni. Ni sawa na kununua nyumba kwa mkopo, halafu nyumba ndiyo inayolipa. Haikufa kwa sababu mapato yake ni makubwa kupita kiasi na kwa miaka minane ya mwanzo Sir Alex Ferguson aliendelea kushinda. Lakini kutokufa si kutokuumia. Mamia ya mamilioni yamekwenda kwenye riba na gharama za mikopo, na kila anayeutazama uwanja wao wa Old Trafford unavyovuja mvua ikinyesha anajua fedha hizo zingeweza kufanya nini.

Swali lako la pili ndilo zito. Chukua Portsmouth, walionyanyua Kombe la FA mwaka 2008 na Februari 2010 wakawa klabu ya kwanza ya Ligi Kuu kuwekwa chini ya msimamizi wa ufilisi. Walikatwa pointi tisa na kushuka, wakiwa na madeni yaliyozidi pauni milioni 100. Katika mpira wa Uingereza kuna kanuni kwamba wadai wa ndani ya mpira, yaani wachezaji na klabu nyingine, hulipwa kikamilifu kwanza, la sivyo klabu hairuhusiwi kuendelea kucheza ligi. Hivyo mshambuliaji anayedai mamilioni analipwa yote, na St John Ambulance, watoa huduma ya kwanza waliokuwa wakibeba majeruhi uwanjani, wanapanga foleni pamoja na mamlaka ya kodi na wafanyabiashara wadogo wa mjini. Wadai hao wa kawaida waliahidiwa peni 20 kwa kila pauni, na kabla ahadi haijakamilika klabu ikafilisika tena mwaka 2012. Mamlaka ya kodi ilikwenda mahakamani kuipinga kanuni hiyo, ikashindwa mwaka huohuo. Hatimaye mashabiki wenyewe walichanga na kuichukua klabu mwaka 2013, ikiwa imefika daraja la nne.

Uliuliza pia mtu wa kawaida atazame nini. Mimi hutazama mishahara kwanza: ikila zaidi ya theluthi mbili ya mapato, nafasi ya kulipa deni inakuwa finyu. Halafu hutazama kama klabu imeuza uwanja wake kisha ikaukodi kwa mnunuzi. Leeds waliuza uwanja wa mazoezi wa Thorp Arch na Elland Road yenyewe mwaka 2004, mwaka uleule ambao wakopeshaji wa zile milioni 60 walikubali kupokea sehemu tu ya fedha zao. Elland Road ilinunuliwa tena na kampuni ya mmiliki wa klabu 2017.

Na umwambie mwenzako hili, kwa kuwa nadhani litamfurahisha au litamliza. Kama mkopo ule ungeachwa uende hadi mwisho kama ulivyoandikwa, rejesho la mwisho lingelipwa Septemba 2026. Rio Ferdinand alistaafu soka mwaka 2015.