Mjadala: Majengo ya shule kongwe yavunjwe au yatunzwe?

Mlinda Kale:
Wakuu, kila likija suala la ukarabati wa shule kongwe kuna watu wanasema bora kuvunja yote, kupandisha ghorofa, kuweka vigae na madirisha ya alumini, mambo yaishe. Mimi napinga kabisa. Chukueni Tabora Boys. Waingereza waliianzisha miaka ya 1920 kwa ajili ya watoto wa machifu. Nyerere kasoma hapo 1937 mpaka 1942, ndipo akaenda Makerere. Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, kapita hapo; Chifu Fundikira wa Unyanyembe kapita hapo. Palepale Tabora, kule Kwihara, tunalitunza tembe, ile nyumba ya udongo ya paa bapa, alilokaa mpelelezi Livingstone mwaka 1872. La mgeni tulitunze, halafu mahali aliposomea Baba wa Taifa tupapige nyundo? Hiyo ndiyo shule ya kwanza ya serikali nchi hii, jamani.

Mtoto wa Chumbageni:
Umeanza vizuri, mwisho umeharibu. Shule ya kwanza ya serikali ni Tanga School. Mjerumani kaifungua miaka ya 1890, wakati huo Tabora hata reli haijafika, mpaka 1912. Makarani na walimu wa serikali ya Mjerumani walipikwa Tanga. Gazeti la *Kiongozi* lilitolewa palepale shuleni, kwa Kiswahili, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Kwa nini mkisimulia historia ya elimu mnaanzia kwa Mwingereza?

Mzee wa Isevya:
Kijana, Tanga walifundishwa ukarani. Tabora walifundishwa uongozi. Usilinganishe.

Mtoto wa Chumbageni:
Shikamoo mzee, lakini hilo sikubali. Watu walioandika na kuchapa gazeti kwa mikono yao, wakasomwa toka pwani mpaka bara, unawaita makarani tu? Huo uongozi wa Tabora alioutaka Mwingereza ulikuwa wa namna gani? Gavana Cameron alitaka kutawala kupitia machifu, akahitaji watoto wa machifu wanaojua kusoma barua zake. Basi.

Fundi Chokaa:
Naomba turudi kwenye majengo, maana hii ndiyo kazi yangu. Kuta nyingi za zamani zilipigwa lipu ya chokaa. Unyevu ukipanda kutoka chini, chokaa inauachia utoke. Anakuja mkandarasi anakwangua chokaa yote, anapiga lipu ya saruji na rangi ya mafuta juu yake, picha zinapigwa, watu wanapongezana. Zikipita masika mbili, nenda kagonge huo ukuta kwa kifundo cha kidole: unasikia utupu ndani. Usawa wa goti rangi imevimba, ukiibonyeza inamwaga unga mweupe wa chumvi. Hapo ndipo kamati inakaa na kuandika kwamba jengo limechakaa, livunjwe. Jengo halikuchakaa, lilizibwa. Nimeshaitwa kwenye majengo ya namna hiyo na kila mara naambiwa tatizo ni uzee.

Kijiwe cha Juu:
Mimi nauliza kitu kimoja. Shule iliyojengwa ili mtoto wa mkulima asiingie, kwa nini leo mtoto wa mkulima alipe kodi ya kuitunza? Ivunjwe.

Mzee wa Isevya:
Haya ndiyo maneno ya watu wasiosoma. Nyerere mwenyewe alikuwa mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, sasa naye tumfute? Na Kawawa, ambaye baba yake alikuwa mwindaji wa tembo, aliingiaje? Mlango ulipanuliwa na watu waliosoma humohumo. Nyerere akiwa mwanafunzi alipinga viranja kujipendelea, na akashiriki kuanzisha chama cha midahalo. Uchifu tumeufuta 1963. Shule imebaki, leo ni ya vipaji maalumu, anaingia mtoto yeyote mwenye ufaulu. Ulipe kodi kwa furaha, mwanangu.

Kijiwe cha Juu:
Mzee, usiniite sijasoma. Hunijui.

Dada wa Kilakala:
Mnabishana wanaume watupu kuhusu shule za wanaume. Tabora Girls iko mji huohuo, nayo ni ya vipaji maalumu, hakuna hata mmoja aliyeitaja. Mkisema "historia" mnamaanisha bweni la wavulana. Linanikera sana hili.

Bweni la Mwisho:
Mnaotetea kuta hamjalala ndani yake miaka ya karibuni. Mimi nimesoma shule moja kongwe, siitaji. Bweni lilijengwa kwa watoto wachache, tukarundikwa vitanda vya juu na chini mpaka mlangoni. Mvua ikinyesha unahamisha godoro gizani. Juu ya dari ya mbao nyaya za umeme ziko wazi, zimeungwa kwa nailoni. Mmesikia mabweni mangapi yameungua nchi hii? Nijibuni kuhusu nyaya kwanza, ndipo mniambie nani alisoma wapi.

Wakili Mdogo:
Wote mnatetea kitu kisicho na ulinzi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Tanga haifiki, Tabora haifiki. Mpaka waziri alitangaze jengo, halina kinga chini ya sheria hiyo. Badala ya kugombania nani wa kwanza, andikeni maombi.

Mtoto wa Chumbageni:
Yakiandikwa, Tanga itangulie. Hilo halina mjadala.

Mzee wa Isevya:
Lina mjadala, tena mrefu.

Mlinda Kale:
Wakili, asante. Hicho ndicho nilichokuwa nakihitaji toka mwanzo. Ombi linaweza kupelekwa na wahitimu wenyewe, au lazima lipite kwa mkuu wa shule?

Bweni la Mwisho:
Nyaya. Nauliza mara ya pili.

Fundi Chokaa:
Mdogo wangu, nakujibu mimi. Nyaya hazihitaji kuvunja ukuta. Zile za zamani zinang'olewa zote, mpya zinapita ndani ya mabomba juu ya uso wa ukuta, kila bweni linawekewa swichi yake ya kukata umeme yenyewe. Dari ya mbao iliyokauka inatolewa. Kazi hiyo inafanyika wakati wa likizo, watoto wakiwa nyumbani. Ila kurundikana hakuna fundi wa kukutibu: hapo lazima yaongezwe mabweni mapya, na kiwanja cha kuyajenga karibu kila shule kongwe inacho. Jengeni pembeni, la zamani mlifanye maktaba au madarasa.

Bweni la Mwisho:
Hilo naliafiki. Sasa na vyoo?

Dada wa Kilakala:
Na vya wasichana mvianze.