Picha ya Ayuba Suleiman Diallo: heshima ile ni ya nani?

Mwanafunzi wa Sanaa, Parklands
Naomba maoni kuhusu picha ya rangi za mafuta ambayo William Hoare alimchora Ayuba Suleiman Diallo nchini Uingereza mwaka 1733. Ayuba, Mwislamu wa Bundu katika Senegal ya leo, alitekwa mwaka 1731, akauzwa Maryland, kisha akafika London na kukombolewa. Amevaa kilemba na kanzu nyeupe, msahafu mwekundu umening'inia shingoni, na macho yake yanatukabili pasipo woga. Mhadhiri wetu anauona utulivu huo kuwa hisani ya mchoraji, nami sijaridhika.

Mzee wa Pumwani
Mwanangu, anza na mavazi. Thomas Bluett, aliyevuka naye bahari kutoka Maryland na kuandika habari zake mwaka 1734, anaeleza kwamba Ayuba kwanza alikataa kuchorwa, akichelea picha isije ikaabudiwa. Uso ulipokamilika akataka avikwe nguo za kwao. Hoare akasema hawezi kuchora asichokiona, na Ayuba akamuuliza mbona basi wako wachoraji wanaothubutu kumchora Mungu, ambaye hakuna aliyepata kumwona. Kanzu ile, kwa hiyo, aliidai mwenyewe, na anayejadiliana hivyo na mchoraji wake hawezi kuitwa mpokeaji wa hisani tu.

Bi. Mkutubi
Naongezea msahafu. Akiwa Uingereza, Ayuba aliandika nakala tatu za Kurani kwa kumbukumbu, bila kutazama nakala yoyote, kwa hiyo kitabu kile kifuani ni ushahidi wa elimu aliyokuwa nayo kabla hajakanyaga Ulaya. Tukumbuke pia kwamba picha nyingi za matajiri wa karne ile zilimweka Mwafrika pembeni, akiwa mtumishi anayemtazama bwana wake. Hapa Ayuba yuko peke yake, na anayetazamwa naye ni sisi.

Msomaji wa South B
Naafikiana nanyi, ila tusimfanye walii. Ayuba alitekwa baada ya kuuza watu wawili kando ya Mto Gambia kwa niaba ya baba yake, aliyekuwa mwanachuoni mwenye cheo. Huenda basi utulivu tunaousifu ni wa mtu aliyezoea kutii wachache na kutiiwa na wengi, na Hoare, kwa kuchora kichwa na mabega tu, hakutuachia alama yoyote ya biashara ile. Mwanafunzi, ukiandika insha yako, wape nafasi wale wawili pia, ingawa hawamo pichani.