Kura za mtungini katika kijiji cha Uthiramerur

Swali: Ndugu zangu, nimesoma kwamba kijiji cha Uthiramerur, kusini mwa India, kilichagua wajumbe wa baraza zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Walichaguliwaje?

Jibu: Ndugu, ushahidi umechongwa katika kuta za mawe za hekalu, tangu enzi ya mfalme Parantaka wa Kwanza wa ukoo wa Chola, yapata mwaka 919 na 921. Kijiji kiligawanywa katika mitaa 30. Majina ya waliostahili yaliandikwa kwenye vipande vya majani ya mvumo, yakatiwa mtungini, kisha mtoto wa kiume akaokota mbele ya mkutano. Linalonigusa zaidi ni kwamba mjumbe ambaye hakutoa hesabu za kamati yake alizuiwa kuteuliwa tena, yeye pamoja na jamaa zake.

Jibu: Naomba tusiusifu utaratibu huu kupita kiasi. Wanawake hawakuwamo, wala wasiokuwa Wabrahmini, yaani watu wa tabaka la makuhani wa Kihindu. Aliyestahili alipaswa kumiliki ardhi iliyolipiwa kodi na kuwa na umri wa kati ya miaka 35 na 70.

Muulizaji: Nashukuru. Kamati hizo zilishughulikia nini?

Jibu: Mojawapo ilisimamia bustani, nyingine bwawa, ambalo maji yake ya mvua yalinywesha mashamba ya mpunga.