Naomba ushauri: mama ameombwa ashiriki majaribio ya dawa mpya ya kisukari

Habari zenu wakuu. Hospitali anakotibiwa mama wamemwomba aingie kwenye utafiti wa dawa. Washiriki watagawanywa kwa bahati nasibu: wengine dawa mpya, wengine waendelee na ya kawaida, na hata daktari hatajua nani kapewa ipi. Anaweza kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu, hilo limenituliza kidogo. Najua hapa Tanzania lazima kuwe na kibali cha maadili kutoka NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) na kibali cha TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), nitaomba kuviona.

Hofu yangu ni madhara. Akiumia, nani atagharamia? Na dawa ikimsaidia, utafiti ukiisha ataendelea kuipata? Fomu ya ridhaa bado hajasaini. Mliowahi kushiriki au kuuguza mshiriki, mliuliza nini kabla ya kusaini?