Karanga zenye ukungu katika unga wa lishe: je, zinaweza kumdumaza mtoto?

Mama_Chumbageni: Wanajamvi, nawasalimu kutoka Tanga mjini. Mwanangu ana mwaka na miezi mitatu, na chakula chake kikubwa ni uji wa unga wa lishe wa mahindi, karanga na soya. Kliniki wameniambia uzito wake si mbaya ila kimo kiko nyuma ya umri. Nilipofungua karanga nilizohifadhi tangu masika, nilikuta baadhi zimesinyaa na kuota ukungu wa kijani. Mama mkwe anasema nikizikaanga vizuri sumu huisha. Je, ni kweli, na ukungu huo unahusika na kimo cha mtoto?

Lishe_Muheza: Dada, kwa heshima zote kwa mama mkwe, sivyo. Sumu ya ukungu huo, yaani sumukuvu (aflatoxin), hutengenezwa na kuvu wa jamii ya Aspergillus. Moto wa jikoni humuua kuvu mwenyewe, lakini sumu aliyokwisha kuiacha hubaki, kwani kukaanga huipunguza tu na kuchemsha uji hakuiondoi. Mwaka 2016 watu waliugua na wengine kufariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo kwa wingi. Kwa watoto, linalohofiwa zaidi ni kiasi kidogo kinacholiwa kila siku bila dalili yoyote. Utafiti wa Benin na Togo uliochapishwa mwaka 2002 uliwakuta watoto waliodumaa wakiwa na sumukuvu nyingi zaidi katika damu, na waliokwisha kuachishwa ziwa wakiwa nayo kuliko wanaonyonya. Inadhaniwa kwamba sumu huumiza utumbo na ini, chakula kikaliwa lakini mwili usifaidike nacho ipasavyo.

Mzee_wa_Pangani: Naomba tusiitwike sumukuvu mzigo wote. Udumavu huletwa pia na kuharisha kwa mara kwa mara, kuzaliwa na uzito mdogo na mlo usio na mayai, maharage wala samaki. Wataalamu wenyewe bado wanajadiliana sumu hii inachangia kiasi gani. Rudi kliniki wampime tena, na umwongezee dagaa, ambao sisi wa pwani hatuna sababu ya kuwakosa.

Mkulima_Handeni: Hizo karanga zitupwe zote, wala usiwape kuku au ng'ombe, maana sumu hupita hadi kwenye maziwa. Siku nyingine nunua karanga nzima badala ya zilizosagwa, uzichambue kwa mkono na kuondoa zilizosinyaa, zilizovunjika na zilizobadilika rangi, ingawa hata punje inayopendeza machoni yaweza kuwa na sumu. Mahindi yakoboe kabla ya kusaga, kwani sumu nyingi hukaa kwenye ganda na kiini (najua wapenzi wa dona watanuna), na sehemu yake nyingine uweke ulezi au mchele, ambao kwa kawaida hushambuliwa kidogo. Kujua kama mahindi yamekauka, tia gao moja kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, tikisa, kisha subiri robo saa: chumvi ikiganda kwenye kioo, yarudishe juani, juu ya turubai na si juu ya udongo.

Mama_Chumbageni: Ahsanteni. Karanga nimeshazifukia, na kliniki nakwenda Jumatatu.